Mtoto anayeshindwa masomo, tumjue kwanza

Kila mwaka mwezi wa saba, siku ya proklamasio, maneno ni yale yale mu kila avenyu ya mji wetu. Mtoto ameanguka. Mzazi anashika buletini, anaangalia pointi, na mbele ya watu wote anasema: "Huyu, kichwa yake haingizake kitu." Jirani anaongeza: "Hata yaya yake alikuwaka vile." Basi, hukumu imekatwa. Mtoto anarudilia klasi. Akianguka mara ya pili, humuoni tena na mfuko wa makaye mgongoni. Unamuona na mfuko mwingine, ule wa mawe.

Sisi tunaoandika haya tunakaa Kolwezi. Hatuko walimu. Kati yetu kuko wazee wawili walioacha kazi Gécamines wakati wa départ volontaire ya mwaka 2003, mama muuzaji wa soko, bibi wa mchimbaji, na kijana aliyepata diploma yake ya serikali na angali anatafuta kazi. Huu ni mwaka wetu wa pili. Kila siku ya tatu na kila siku ya posho tunaingia mu masomo moja ya primeri, kwa ruhusa ya direkteri, na tunakaa saa moja na watoto ambao mwalimu mwenyewe ametuonyesha kwamba wako nyuma. Hatulipwi, na hatuombi kulipwa.

Tunataka kuwaambia jambo moja, ninyi wazazi wa kompani na ninyi wa mashimo. Mtoto anayeitwa mjinga, mara nyingi hakuna mtu mkubwa hata mmoja aliyekaa naye nusu saa kumuuliza anaona nini, anasikia nini, na anakwama wapi. Mbele ya kumfundisha, mbele ya kumpiga, mbele ya kumtosha mu masomo, inapaswa kumjua.

Mwalimu ana sekunde 22

Tusianze kwa kumulaumu mwalimu. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, mu artikeli ya 43, inasema masomo ya primeri ya serikali ni ya lazima na ya bure. Jambo hilo lilianza kutumika kweli mwezi wa tisa 2019. Tulifurahi, na tungali tunafurahi, kwa sababu watoto wengi waliokuwa wanabaki ku nyumba waliingia. Lakini mabenchi hayakuongezeka kwa mwendo ule ule, wala walimu. Leo klasi ya watoto 70 ao 80 hapa kwetu haishangazi mtu.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Lesoni ya nusu saa, ukiigawanya kwa watoto 80, kila mtoto anapata sekunde 22. Na hapo mwalimu hajaandika kitu ku tablo, hajanyamazisha mtu, hajatafuta chaki. Kwa sekunde 22 hata daktari hawezi kujua ugonjwa wako. Ndiyo maana mwalimu anauliza klasi nzima, na klasi nzima inajibu kwa sauti moja. Yule asiyejua anafungua kinywa pamoja na wenzake, na sauti yake inapotea mu sauti za wengine. Anaweza kupita miaka mitatu vile, hata mtu mmoja asijue.

Ninyi wachimbaji mnajua jambo hili kutushinda sisi. Mkifikisha mawe ku depo, mtu anachukua kidogo, anapima ku Metorex, na ile namba inayotoka inaamua bei ya mifuko yote. Mchimbaji mwenye akili hakubali kipande kitoshwe mu mfuko moja tu, tena ku pembe kwenye udongo mwingi. Anasema: "Changanya kwanza, kamata ku kila mfuko." Teneri ya kipande kimoja haiwezi kuhukumu mzigo wote. Sasa, buletini nayo ni kipimo. Inampima mtoto kwa Kifaransa, ku karatasi, siku moja, pengine akiwa na njaa. Mbona ku mawe tunakataa kipimo cha pembe moja, na ku mtoto wetu tunakikubali bila kuuliza?

Kile tulichokuta

Mtoto wa kwanza tuliyekaa naye alikuwa wa mwaka wa tatu. Tulimpa kitabu cha klasi, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Tukaangaliana. Mtoto huyu ameanguka namna gani? Halafu mzee mmoja wetu akafunika picha kwa mkono, akaweka kidole ku neno la katikati ya mstari: "Na hili?" Mtoto akanyamaza. Kumbe alikuwa anajua ukurasa wote kwa kichwa, sawa wimbo, lakini hakujua hata neno moja kwa macho. Akatuambia polepole: "Kambo, mi siyui kusoma. Nasikiaka tu benzangu." Sasa mtuambie: mtoto anayeweza kushika ukurasa mzima kwa kusikia tu, huyo kichwa chake hakiingize kitu? Kichwa kiko kizuri sana. Kilichokosekana ni herufi, na herufi ni jambo la wiki chache, ikiwa kuko mtu wa kukaa naye.

Wa pili, mwalimu alisema anaiba majibu, kila mara anaangalia kaye ya jirani. Tulikaa naye kiti kwa kiti, akasoma vizuri. Tukamrudisha nyuma ya klasi: "Ku tablo kumeandikwa nini?" Akajibu: "Kule naonaka paka ukungu." Hakuwa mwizi, macho yake yalikuwa hayafike. Mwalimu akamsogeza ku benchi ya kwanza siku ile ile. Miwani haijapatikana mpaka leo, juu ina bei, lakini fimbo zimekwisha.

Wa tatu ni binti anayeuza kalanga na mama yake. Ku hesabu alikuwa na sufuri. Tukamwambia: "Nauziwa vikombe vitatu, kimoja franka 500, nakupa 2 000. Unanirudishia ngapi?" Mbele tumalize alisema: "Mia tano." Tukaandika ku karatasi 2 000 kutosha 1 500, akapotea kabisa. Akasema: "Franka najua. Soustraction siyui."

Tusidhani binti huyu yuko peke yake. Mwaka 1985 wataalamu watatu walichapisha utafiti waliofanya mu mji wa Recife, inchi ya Brazili, na watoto watano waliokuwa wanauza vitu ku soko na ku barabara. Hesabu za kuuza, watoto walizipata 98 kwa 100. Hesabu za namna ile ile, wakizipewa sawa za masomo, bila mnunuzi wala kitu cha kuuza, walipata 37 kwa 100. Akili ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia. Binti wetu wa kalanga, sasa tunaanza kila hesabu na franka, halafu tunaiandika. Polepole anaona kwamba soustraction ni chenji tu, imevaa nguo za masomo.

Wa ine alitugusa sana, kwa sababu ni mtoto wa kazi yetu wenyewe. Ni binti mwenye kusoma kwa sauti ndogo sana, hata mwalimu akafikiri hajui kitu. Baba yake anafanya posti ya usiku. Mchana analala, na nyumba ni chumba kimoja na saluni. Tangu alipozaliwa, mtoto huyu anasikia: "Nyamazeni, baba analala!" Hakuna aliyekosea. Baba anapaswa kulala, la sivyo atalala juu ya mashini usiku na kufa. Lakini binti hakupata hata siku moja pahali pa kusoma kwa sauti. Tulipomwambia mama, alishika kichwa. Leo mtoto anaenda kwa jirani, chini ya muti wa maembe, anasoma huko kwa nguvu mpaka jirani anajua kitabu.

Tena kuko luga. Sheria ya elimu ya mwezi wa pili 2014 inaruhusu kufundisha kwa luga za taifa, na hapa kwetu mwaka wa kwanza na wa pili mwalimu anatumia Kiswahili. Halafu Kifaransa kinaingia sawa mvua ya mwezi wa kumi na mbili. Kuko watoto wanaoongea Kiruund, Kisanga ao Tshiluba ku nyumba, Kiswahili mu avenyu, na sasa Kifaransa ku tablo. Mtoto mmoja tulimuuliza kwa Kifaransa jua linatokea wapi, akanyamaza. Tukamuuliza kwa Kiswahili, akatuonyesha kwa kidole, akatueleza tena kivuli cha mchana na cha jioni. Tungeishia ku Kifaransa, tungeandika: sufuri.

Na kuko yule ambaye hatukufaulu. Kijana wa mwaka wa ine, mwenye akili ya haraka, lakini kila siku ya kwanza hakuwa klasini. Siku ya posho na siku ya Mungu alikuwa ku mto anasafisha mawe na mama yake, na siku ya kwanza mwili ulikataa. Lesoni mpya zinaanzaka siku ya kwanza, kwa hiyo kila wiki alianza nyuma. Tulienda kuona mama yake. Hakutukasirikia. Alisema: "Ba papa, bila ile mawe hatukule." Hakuwa mama mubaya. Tulipatana kwamba siku ya tatu tutamrudilia lesoni ya siku ya kwanza, na kwa muda alisimama vizuri. Kisha Pasaka familia ilihamia ku karieri nyingine, na hatukumuona tena. Tunaandika habari yake hapa ili mjue kwamba kumjua mtoto siyo dawa ya kila kitu. Lakini tulijua shida yake ni nini, na haikuwa ujinga.

Namna ya kufanya

Wengi wanatuuliza tunafundisha nini. Wiki ya kwanza hatufundishi. Tunakaa kando ya mtoto, siyo mbele yake sawa polisi. Tunamuuliza kwa luga yake: unaamka saa ngapi, ulikula nini, unakaa na nani, unapenda kazi gani. Mtoto anayetuambia kwamba yeye ndiye anachota maji ya nyumba mbele ya jua kutoka, ametuambia tayari kwa nini analala klasini.

Kisha tunamwomba asome. Kwanza herufi. Akizijua, maneno mafupi. Akiyajua, mistari mitatu. Akiiweza, habari fupi. Pale anapokwama ndipo tunaanza, hata kama yuko mwaka wa tano na amekwama ku herufi. Siyo sisi tuliovumbua namna hii. Zambia, kule ng'ambo ya Kasumbalesa, serikali iko na programu inayoitwa Catch Up: watoto wa mwaka wa tatu mpaka wa tano wanagawanywa saa moja kwa siku kufuatana na kile wanachojua, siyo kufuatana na umri ao klasi. Aliyekwama ku herufi anaanza ku herufi, bila haya, na wenzake waliokwama hapo hapo.

Kile tunachokuta tunaandika mu kaye moja, na tunamuonyesha mwalimu. Yeye ndiye mwenye klasi. Sisi ni macho yake ya kuongeza.

Kuko pia mambo tunayojikatalia. Hatukai na mtoto mu chumba kilichofungwa: mlango wazi, ao chini ya muti, watu wakiona. Hatupigi. Hatutoi zawadi, juu mtoto asije kwa ajili ya biskuti. Shida za nyumba tulizosikia hatuzitembezi mu cité. Mama akijua kwamba njaa ya nyumba yake imekuwa habari ya soko, hatamtuma mtoto tena. Na yule asiyeweza kuja kila wiki, tunamwomba asianze. Watoto hawa wamekwisha kuachwa na watu wengi.

"Hiyo ni kazi ya serikali"

Tunalisikia neno hili, na ni kweli. Saa moja ya mzee wa cité haiwezi kujenga klasi, wala kulipa mwalimu. Kuko walimu wanaofundisha bila mshahara wa serikali, na hatutaki mtu aseme: "Kwa kuwa kuko wa bure, tusilipe." Mtu wa kujitolea hachukui nafasi ya mwalimu. Tena Kodi ya migodi, ile iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inatoa 15 kwa 100 ya redevance kwa mji, komini, sekta ao sheferi penye mgodi, na inalazimisha kompani kuweka kisichopungua 0,3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu. Siku mnapoitwa ku mkutano wa kuandika cahier des charges, msiombe barabara peke yake. Ombeni mabenchi, ombeni vitabu vya kusoma, ombeni daktari wa macho apite ku masomo mara moja kwa mwaka. Sisi tunajua kuomba vile kwa sababu tumewaona watoto, na yule aliyekaa ku ofisi hajawaona.

Wengine wanasema: "Masomo yatampa nini? Mchimbaji kwa wiki nzuri anapata kile mwalimu anapata kwa mwezi." Hatuwezi kukataa, kila mtu anaona. Lakini ulizeni wachimbaji wenyewe habari za wiki mbaya. Ulizeni ni nani anasoma bono ya depo, na ni nani anaweka kidole tu. Sheria leo inadai mchimbaji awe ndani ya koperative: ni nani anaandika hesabu za koperative, na ni nani anazisikiliza tu? Kompani zinapotafuta watu, zinaomba karatasi. Tena sheria haimruhusu mtoto mu shimo hata kidogo. Karati ya mchimbaji ni ya mtu mkubwa. Kijana akitaka kuchimba akiwa mtu mkubwa, anayejua kusoma, huo ni uchaguzi wake. Lakini mtoto wa miaka kumi aliyeenda kuchimba kwa sababu tulimwita mjinga, huyo hakuchagua kitu.

Na kuko mama wanaotuambia kwa haya: "Mimi mwenyewe sikusoma." Mama, hatukuombi ufundishe. Mwambie mtoto: "Nisomee." Weka kidole ku neno, mahali popote, umuulize hili ni nini. Hata kama wewe hulijui, utasikia kama anasoma ao anabuni. Masikio ya mama yanajua.

Kile tunachoomba

Tunajua posti zenu, tunajua uchovu wenu. Hatuombi kila mtu aje kukaa klasini. Tunaomba mambo matatu.

La kwanza, mbele ya proklamasio kufika, chagueni jioni moja wiki hii. Mtoto akae karibu yenu na kaye yake, kwa nusu saa. Muulizeni, na msijibu kwa ajili yake. Andikeni pale anapokwama, halafu mpelekee mwalimu karatasi ile. Mtashangaa namna mwalimu atakavyofurahi.

La pili, wazee mliomaliza kazi, vijana mnaongojea kazi, mama mnaojua kusoma: endeni kuona direkteri wa masomo ya karibu, mmuombe saa moja kwa wiki. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi tulianza tukiwa watano, na watoto tuliokaa nao wamepita 30. Mkiwa watano mu kila masomo ya mji huu, hakuna mtoto atakayefika mwaka wa sita, mbele ya mtihani wa serikali ule watu wangali wanauita Tenafep, bila mtu aliyewahi kusikia sauti yake akisoma peke yake.

La tatu halina bei wala saa. Lile neno "mjinga", tuliache. Tukiona buletini mubaya, badala ya kuuliza "Umekuwa namna gani?", tuulize "Ulikwama wapi?" Mtoto anajua jibu. Anangojea tu mtu amuulize.